Ping inapita, lakini ruta hazijuani



Wiki iliyopita finalisti mmoja wa informatiki alikuja kwangu na ordinatere yake. Alikuwa ametengeneza mtandao ndani ya Packet Tracer kwa kazi yake ya mwisho: ruta tatu, laini za seriali kati yao, na OSPF juu yake ya kutangaza njia. Akaniambia: «Kaka, ping kati ya ruta hizi mbili inapita, lakini hazijuani. Nimeshafuta yote na kuandika upya mara ine.» Nikamuuliza: «Mbele ya kufuta mara ya kwanza, mashini ilikuwa inakuambia nini?» Akaangalia chini.

Sikumcheka. Swali hilo hilo miye niliulizwa siku moja kwa telefoni, na mtu ambaye nilikuwa nimemuharibia jina asubuhi ile ile. Nitaeleza hapa namna ya kutafuta kosa kati ya ruta mbili zilizounganishwa kwa laini ya seriali, na nitaeleza pia ile siku, juu yote ninayojua kuhusu jambo hili nilianza kuyajua siku hiyo.

Nilikuwa ku staji Lubumbashi, ndani ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, mwezi wangu wa tatu. Kampuni ilikuwa na depo upande wa Kolwezi, kilometa karibu 300 na biro yetu. Kati ya fasi hizo mbili ilikuwa inapangisha laini ya redio ya kipimo cha E1, maana yake megabiti 2.048 kwa sekunde. Kila upande, chombo cha redio kiliungana na ruta kwa kable ya V.35, ile nzito yenye kichwa kikubwa cha pini. Ruta yetu ilikuwa Cisco, na ya depo pia. OSPF ilikuwa inatembea juu ya laini: depo inatangaza mitandao yake, biro inatangaza ya kwake. Bono za mafuta, hesabu ya magari, orodha ya mishahara ya wafanyakazi wa depo, yote ilipita humo.

Usiku mmoja wa mvua, radi ilipiga ku depo na ruta ya kule ikaungua. Fundi wa pale, mzee kidogo kuliko baba yangu, alichukua ruta nyingine ndani ya stoki, ya marka tofauti, akaifunga asubuhi na mapema. Saa tatu laini ilikuwa bado haijafanya kazi, na ilikuwa siku ya kutuma orodha ya mishahara. Shefu akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Wale mumeshafanya kazi na mtu amesimama nyuma yenu munajua inakuwa namna gani: vidole vinakimbia kuliko akili. Nilifuta OSPF, nikaiandika tena. Nikabadilisha namba ya area, nikairudisha. Nikafungua intaneti, nikaona mtu anasema amri fulani iliponya shida yake, nikaiandika na yenyewe. Hakuna kilichobadilika.

Kisha nikamwandikia shefu mistari miwili: upande wetu uko sawa, kosa liko ku depo, fundi hakuweka ruta mpya vizuri. Shefu akaituma juu vile ilivyo. Saa sita fundi akapewa habari kwamba mshahara wake unasimamishwa mpaka ashuke Lubumbashi kujieleza.

Miye nilikuwa sijasoma hata upande wangu.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Protokoli za njia zinazojifunza zenyewe, OSPF, EIGRP, RIP, zinafanana kwa jambo moja: kila ruta inatuma ujumbe mdogo juu ya laini, na inajua tu kile ambacho ruta ya upande wa pili imemwambia. OSPF inatuma ku adresi 224.0.0.5, EIGRP ku 224.0.0.10, RIP ya toleo la 2 ku 224.0.0.9. Kwa hiyo, njia ikikosekana, maswali iko mawili tu, na yanafuatana. Ujumbe unafika? Ukifika, unakubaliwa? Watu wengi, nami nikiwa wa kwanza, tunarukia swali la pili juu njo pale kuna amri nyingi za kuandika.

Swali la kwanza linajibiwa na mstari mmoja. Andika «show interfaces serial 0/0/0» (namba itategemea ruta yako) na usome mstari wa juu kabisa. Uko na nusu mbili. Nusu ya kwanza inazungumzia mwili: kable, umeme, ishara inayotoka upande wa pili. Nusu ya pili, ile ya «line protocol», inazungumzia mazungumzo: hizi mashini mbili zinasikilizana kwa lugha moja?

Ukiona «administratively down», usitafute mbali. Hakuna mtu aliyeandika «no shutdown». Ruta za Cisco zinatoka ndani ya karto na milango yake imefungwa.

Ukiona «down» na «down», ishara haifiki. Angalia kable, angalia chombo cha redio au modemu, na uulize upande wa pili kama wamefungua mlango wao. Ku labo, mara nyingi sana kosa ni hilo: mwanafunzi amefungua upande mmoja, amesahau wa pili, kisha anaanza kusoma OSPF kutoka ukurasa wa kwanza.

Ukiona «up» na «up», pale chini pamekwisha. Panda juu, na usirudi kugusa kable.

Ile ya kuvunja kichwa ni «up» na «down». Kable iko, ishara iko, lakini mazungumzo hakuna. Sababu zake si nyingi: saa, enkapsulasioni, au neno la siri.

Saa kwanza. Laini ya seriali inahitaji upande mmoja upige mdundo, na mwingine ufuate. Ndani ya kazi ya kweli mdundo unatoka ku modemu au ku chombo cha redio, na ruta zote mbili zinafuata. Lakini ku labo tunaunganisha ruta na ruta moja kwa moja, kwa hiyo moja inapaswa kufanya kazi ya modemu. Ni ile yenye kichwa cha DCE cha kable. Njo pale unaandika «clock rate 64000» au namba nyingine. Haujui ni upande gani? «Show controllers serial 0/0/0» itakuambia DCE ao DTE. Ndani ya Packet Tracer kuna picha ndogo ya saa imechorwa upande wa DCE; wengi wanaiona miaka mitatu bila kujiuliza inatafuta nini pale.

Enkapsulasioni ni ile bahasha ambamo pakiti inafungwa mbele ya kuingia ku laini. Pande zote mbili zinapaswa kutumia bahasha moja. Kama haujaandika kitu, Cisco inatumia HDLC, lakini HDLC ya kwake, iliyoongezewa sehemu ya kusema ndani mwake muko nini. Marka nyingine hazilazimiki kuielewa. Bahasha ya watu wote ni PPP, iliyoandikwa ndani ya RFC 1661 mwaka wa 1994. Pakiti ya PPP ikifika ku mlango wa HDLC, ruta haiwezi kuifungua, na kinyume chake vilevile. Na fahamu kwamba HDLC ya Cisco inatuma alama ya «niko hapa» kila sekunde 10, na ikikosa kujibiwa mara tatu hivi ndipo inaangusha nusu ya pili ya ule mstari. Maana yake, kisha kubadilisha kitu, ngoja nusu dakika mbele ya kusoma. Kuna wale wanabadilisha jambo zuri, wanaangalia kisha sekunde tano, wanaona bado, wanaharibu tena.

Saa nane ile siku, telefoni ikalia. Ni fundi wa depo. Hakupiga kelele. Alisema: «Mtoto yangu, mbele ya kuandika ile barua, mashini yako ilikuambia nini?» Sikuwa na jibu. Akasema: «Soma mstari wa kwanza, nasikiliza.» Nikasoma: up, line protocol down. «Ya kwangu inasema vilevile,» akajibu. «Sasa shuka kidogo, enkapsulasioni yako ni gani?» Nikasoma: HDLC. Akanyamaza.

Wandugu, ndani ya telefoni yangu mulikuwa mesaji yake ya saa moja na dakika arobaini ya asubuhi. «Ruta hii si Cisco. Nimeacha PPP. Na weye weka PPP.» Nilikuwa nimeiona. Nilijiambia huyu mzee anatafuta kunifundisha kazi, na nikaifunga.

Niliandika «encapsulation ppp». Kisha sekunde chache: up, up. Nikapiga ping, ikapita. Nikamwambia: «Papa, imekubali.» Akajibu: «Angalia njia.» Nikaangalia jedwali la njia. Mitandao ya depo haikuwamo.

Nitarudi pale. Kuna mambo mawili ya PPP ambayo niseme mbele.

La kwanza ni neno la siri. PPP ikiwekewa CHAP, ile amri ya «username» inapaswa kubeba jina la ruta ya upande wa pili, si jina lako, na neno la siri liwe moja pande zote mbili, herufi kubwa na ndogo zikiheshimiwa. Ikikosewa, laini inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Ikiwa sawa, «show interfaces» itaandika «LCP Open», na pembeni yake utaona IPCP.

La pili ni mtego mzuri, na mwalimu akitaka kuwapima atauweka. Kati ya ruta mbili kwa kawaida tunatumia mtandao mdogo wa /30, maski 255.255.255.252: adresi nne, mbili tu ndizo za kutumia. 10.10.10.1 na 10.10.10.2 ziko pamoja. 10.10.10.2 na 10.10.10.5 haziko pamoja, juu .5 iko ndani ya kundi linaloanzia .4 mpaka .7. Juu ya HDLC, ukikosea hivyo ping haipiti, na utatambua haraka. Juu ya PPP, ping inapita! Kila ruta ya Cisco, PPP ikifunguka, inachukua adresi ya mwenzake na kuiandika ndani ya jedwali la njia kama njia ya /32, adresi moja peke yake. Kwa hiyo unaona mishangao mitano ya ping na unaapa kwamba adresi ziko sawa. Lakini EIGRP inaangalia kama jirani anatoka ndani ya mtandao wake. Hakumo, anakataliwa, na ku ekrani inaandikwa «not on common subnet». RIP nayo, kama haujaiambia vingine, inatupa habari zinazotoka kwa adresi isiyokuwa ya mtandao wa laini ile. Ping inathibitisha kwamba pakiti ya ping imekwenda na kurudi. Basi. Usiibebeshe ushahidi mwingine.

Tufike sasa ku swali la pili: ujumbe umefika, unakubaliwa?

Kwa OSPF, watu wanaandika «show ip ospf neighbor» na wakikuta patupu wanakufa moyo. Patupu hapaelezi kitu. Amri ya kwanza iwe «show ip ospf interface». Kama laini yako ya seriali haimo ndani ya orodha hiyo, OSPF haijaanza juu yake kabisa, na hakuna jirani atakayeonekana hata ukingoja mpaka Noeli. Njo ilikuwa shida ya yule finalisti. Laini yake ya kwanza ilikuwa 192.168.1.0/30, na aliandika vizuri «network 192.168.1.0 0.0.0.3 area 0». Laini ya pili ilikuwa 192.168.1.4/30, na pale alikopi mstari uleule bila kugeuza .0 kuwa .4. Ile maski ya kinyume, 0.0.0.3, inashika .0 mpaka .3 tu. Adresi yake ya .5 ilibaki nje. Na mara zote ine alizofuta na kuandika upya, alikopi kutoka ku karatasi ileile.

Mtego mwingine wa namna hiyo ni «passive-interface». Laini inaonekana ndani ya orodha ya OSPF, lakini imeambiwa isiseme kitu. Wale wanapenda kuandika «passive-interface default» kwa usalama, wasisahau kufungua tena laini za kati ya ruta.

Kama OSPF imeanza pande zote mbili na bado jirani hakuna, ruta zinapatana juu ya nini? Area iwe moja. Neno la siri liwe moja kama lipo. Aina ya area, kama ni stub, iwe stub pande zote mbili. Na saa za salamu zilingane: juu ya laini ya HDLC ao PPP, OSPF inasalimu kila sekunde 10 na inamhesabu jirani amekufa kisha 40, juu ya Frame Relay, kama haujabadilisha, ni 30 na 120. Mtu anageuza upande mmoja kwa sababu alisoma fasi fulani, na upande wa pili unabaki wa zamani. Namba ya prosesi, ile unaandika kisha «router ospf», hailazimishwi kufanana. Ni ya nyumbani. Lakini Router ID, kila ruta iwe na ya kwake. Na ndani ya RFC 2328, ile ya mwaka wa 1998 inayoeleza OSPF toleo la 2, imeandikwa kwamba juu ya laini ya watu wawili maski haiangaliwi ndani ya salamu, wakati ku Ethernet inaangaliwa. Kwa hiyo maski mbovu itanyamaza hapa na kulia kule.

Ili usibashiri, washa «debug ip ospf hello». Salamu isiyokubaliwa itaandikwa «Mismatched hello parameters», na chini yake herufi R na C. R ni kile kimepokewa kutoka kwa mwenzako, C ni kile weye umeandika. «Dead R 40 C 120»: umesikia, mashini imekuonyesha kosa na nani anasema nini. Kisha andika «undebug all», usiache debug inakimbia usiku mzima juu ya ruta ya watu.

EIGRP nitaipita haraka: namba ya mfumo, ile kisha «router eigrp», hapa inalazimishwa kufanana, na zile K vilevile, saa za salamu zinaweza kutofautiana. RIP haina majirani, inatuma jedwali lake kila sekunde 30. Angalia toleo, 1 ao 2, na uangalie «auto-summary»: ukikata 172.16.0.0 vipande viwili na kuweka laini ya 10 katikati, kila ruta ya pembeni itatangaza 172.16.0.0 nzima kama yake peke yake, na ile ya katikati itatuma pakiti nusu huku nusu kule. Unaona ping moja inapita, moja inaanguka. «No auto-summary» inamaliza neno.

Turudi Lubumbashi, saa nane na nusu. Laini up, up. Ping inapita. Area ni 0 pande zote mbili, salamu ni 10 na 40. Fundi bado yuko ku telefoni. Akasema nisome majirani. Nikasoma: jirani yuko, lakini hali yake imeandikwa EXSTART. Tukangoja. EXSTART. Ikaanguka, ikaanza upya, EXSTART.

Hapa hali ya jirani inasema mengi kuliko watu wanavyodhani. INIT maana yake miye ninamsikia lakini yeye hajanisikia. Tafuta kizuizi cha upande mmoja. FULL ni mwisho mwema, na juu ya laini ya seriali itaandikwa FULL na alama ya kistari, kwa sababu kati ya watu wawili hakuna haja ya kuchagua mkubwa. Kile kistari si kosa, wengi wananiandikia juu yake. EXSTART, ikikwama pale, karibu kila mara ni MTU: ukubwa wa pakiti ambao mlango unakubali. Salamu ni ndogo, zinapita. Lakini mbele ya kubadilishana habari, kila ruta inamwambia mwenzake MTU yake, na kama ya mwenzako ni kubwa kuliko unayoweza kupokea, unatupa ujumbe wake. Atatuma tena, utatupa tena. Ping ya kawaida ya Cisco ni bayiti 100 tu, kwa hiyo haitakuonyesha kitu. Piga ping yenye uzito, bayiti 1500, na umkataze kuikata: «ping 10.20.30.2 size 1500 df-bit». Pale njo utaona.

Fundi akasema: «Ya kwangu ni 1500. Yako?»

Nilianza kusema na yangu ni 1500, juu laini ya seriali kwa kawaida ni 1500. Kisha nikaandika «show ip interface serial 0/0/0», ili niwe na hakika mbele ya kumjibu. Ilikuwa 1400. Ile amri niliyokopi asubuhi ku intaneti, ya yule mtu ambaye iliponya shida yake, ilikuwa «ip mtu 1400». Shida yake ilikuwa ya handaki juu ya intaneti, hata haikufanana na yetu. Nilirudisha area, nilirudisha network, ile niliisahau. Niliandika «no ip mtu», na mbele sijaweka mkono chini, jirani akawa FULL na mitandao ya depo ikashuka ku ekrani.

Kosa la kwanza lilikuwa mesaji niliyoifunga. La pili nililitengeneza miye mwenyewe, kisha kumshtaki mwingine. Ku depo hakukuwa na kosa hata moja.

Kitu kimoja kingine ambacho yule fundi alinionyesha siku zilizofuata, na ambacho hakiangushi laini lakini kinapoteza njia. Ruta haipimi kasi ya laini ya seriali. Inasoma tu neno «bandwidth», na juu ya milango mingi ya seriali ya Cisco neno hilo ni 1544 kilobiti kama haujaligusa. OSPF inagawa milioni 100 kwa kasi hiyo na kupata gharama ya 64. Kama laini yako ya kweli ni ya 64000 biti kwa sekunde, gharama ilipaswa kuwa 1562. Kwa hiyo ukiwa na laini mbili, moja ya E1 na moja ndogo ya akiba, na haukuandika «bandwidth», ruta itaziona sawa na kugawanya pakiti kati yao. Watumiaji wanalalamika kwamba intaneti inakwenda na kusimama, na majirani wote wako FULL. Andika «bandwidth 2048» huku na «bandwidth 64» kule. Neno hilo haliongezi kasi hata kidogo. Linasema ukweli tu kwa protokoli.

Jioni ile nilimwandikia shefu ripoti ya pili, yenye kila mstari mashini ilisema, wa pande zote mbili, na yenye jina langu pale kosa lilipokuwa. Staji yangu haikuongezwa. Fundi alipata mshahara wake siku ine kisha wengine. Nilimpigia kuomba musamaha. Akauliza kama nimeshaandika «write memory», juu mvua ilikuwa inakuja.

Niliomba pia ile barua yangu ya mistari miwili itolewe ndani ya dosie yake. Biro ya wafanyakazi ikanijibu kwamba karatasi ikishaingia ndani ya dosie haitoki. Walikubali tu kufunga ripoti ya pili nyuma yake.